Je, Yafaa Kufurahia Taabu ya Mchezo?

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, toka Dilala mpaka Manika, yako maneno yanayorudiwa jioni kwa jioni. Baba anaingia, anamkuta kijana wake ameinamia simu, amenyamaza, vidole vinakwenda mbio. Anamwuliza, "Wafanya nini, mwanangu?" Kijana anajibu bila kuinua macho, "Ninakata kuni, papa." Baba anatazama uani: makala yamekwisha, ndoo ya maji ni tupu, na mama bado hajarudi sokoni. Basi hasira inampanda, wala hatuwezi kumlaumu.

Lakini swali lililomo ndani ya ugomvi huu si dogo. Kijana hakusema uongo. Kweli alikuwa anakata kuni, ila za mchezo. Kazi ile ile anayoikimbia uani anaifanya kwa furaha ndani ya kioo, tena kwa saa tatu bila kunung'unika. Kwa nini? Na furaha hiyo ni furaha ya kweli, au ni ndoto tu? Na tulifikiri leo pole pole, bila kumpendelea baba wala kijana.

Mchezo wenyewe

Yafaa kwanza tuujue mchezo kabla ya kuuhukumu. Iko michezo mingi ya kompyuta na simu ambayo ni ya kupiga bunduki na kukimbiza magari. Hiyo siyo tunayoisema. Tunasema ile ambayo mchezaji huachwa porini peke yake, naye hana shabaha nyingine ila kuishi.

Mmoja wa namna hiyo huitwa The Long Dark. Ulitungwa Kanada na kampuni ya Hinterland, ukatolewa kamili mwaka 2017, nao huchezwa kwa kompyuta na mashine za michezo. Ndani yake umeme wote umezimika, ndege ndogo imeanguka katika nchi ya theluji, na mtu amebaki peke yake. Mambo manne yanamwandama: baridi, uchovu, kiu na njaa. Basi huokota vijiti, huwasha moto, huyeyusha theluji na kuichemsha apate maji ya kunywa. Hutoboa barafu avue samaki, hutega sungura, hushona nguo zilizochanika, huanika ngozi siku nyingi hata zifae. Mkaa uliobaki motoni huuokota achore nao ramani ya mahali alipo. Katika namna ya mchezo ipendwayo na wengi, akifa safari yake yote yafutwa, naye sharti aanze tena tangu mwanzo.

Mwingine ni Minecraft, uliozaliwa Uswidi, ambao huchezwa hata kwa simu. Mwaka 2023 wenyewe walitangaza ya kuwa umeuzwa zaidi ya mara milioni 300. Humo mchezaji huanza mikono mitupu. Hukata mti, hujenga kibanda kabla usiku haujaingia, huchimba mawe, hupanda ngano na kungoja ikomae.

Tazameni ajabu, ndugu. Kuni, maji, moto, kitoweo, nguo: hizo ni kazi ambazo bibi zetu hawakuziita mchezo hata siku moja. Katika misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Kolwezi, wako watu wanaozifanya leo hii. Mvua zikianza, wanawake na watoto huingia msituni kutafuta uyoga, na wakati wake viwavi na asali. Wachoma makala hukata miti, huipanga, huifunika udongo, hulinda moshi usiku na mchana, kisha hubeba magunia kwa baiskeli mpaka mjini. Ukimwambia mmoja wao ya kwamba wako watu matajiri wa mbali wanaolipa fedha ili wajifanye wachoma moto porini, atadhani unamdhihaki.

Wala tusidhani ya kuwa ajabu hii imeletwa na simu. Mwaka 1719 Mwingereza Daniel Defoe alitoa kitabu cha Robinson Crusoe, baharia aliyekaa miaka 28 kisiwani baada ya merikebu yake kuvunjika. Katika karne tatu zilizopita wasomaji wengi wamezipenda hasa kurasa ambamo Robinson anafinyanga chungu, anaoka mkate, na kukata alama katika mti asipoteze hesabu ya siku. Mtu amekaa kitini pake, ameshiba, naye anafurahi kusoma jinsi mwingine alivyopata mkate kwa shida. Basi jambo hili liko ndani ya moyo wa mwanadamu tangu zamani, na simu imelifunua tu.

Kwa nini taabu hiyo inapendeza?

Sisi twaona sababu nne.

Ya kwanza, kazi ya mchezo ina kipimo. Mchezaji haambiwi, "Jenga maisha yako." Anaambiwa, "Kabla ya usiku tafuta vijiti." Mzigo umekatwa vipande vidogo, na kila kipande chalingana na nguvu zake.

Ya pili, kazi hiyo yamjibu. Akiokota vijiti kumi, anavyo kumi. Akishona koti, baridi inapungua. Jasho na tunda havikutengana, wala hayuko mtu katikati anayekula sehemu.

Ya tatu, siku yake ina utaratibu. Asubuhi atazame hali ya hewa, adhuhuri akavue, jioni awashe moto, usiku ashone. Mambo yale yale yarudi kila siku, na kwa kurudi yampa amani, kama vile mkulima apendavyo kusikia jembe lake asubuhi ingawa ni lile lile la jana.

Ya nne, hofu yake haina kaburi. Mbwa mwitu akimla, hakuna mama atakayelia. Hofu iko kiasi cha kumchangamsha, haiko kiasi cha kumvunja.

Kipimo, jibu, utaratibu, na hatari isiyoua. Mtu akipata mambo hayo manne katika kazi, huifurahia hata kama ni ngumu. Kumbe mwanadamu hachukii jasho. Huchukia jasho lisilo na maana.

Kazi ya kweli katika nchi ya shaba

Sasa tumrudie baba. Yeye husema, "Kazi mbaya si mchezo mwema," maana wahenga walitufundisha ya kuwa hata kazi duni yaupita mchezo mzuri. Neno hilo ni la hekima. Lakini tuulize, katika Kolwezi kijana huyu ameona kazi gani?

Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga. Tangu mwanzo siku ya watu ilipangwa na mgodi. Mfanyakazi alijua saa ya kuingia, saa ya kutoka, siku ya posho na siku ya mshahara. Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa mwema katika yote. Ulikuwa wa bwana, si wa mtumishi, na mengi ndani yake yalikuwa ya dhuluma. Lakini ulikuwapo. Mwaka 1967 migodi ikawa ya serikali, ndiyo Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka iliyofuata kampuni ile kubwa ilidhoofika hata mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuondolewa kwa kupewa fedha za mara moja. Watu hao hawakupoteza mshahara tu. Walipoteza na sababu ya kuamka saa fulani.

Watoto wao wengi wakashika nyundo na koleo, wakawa wachimbaji wa mikono. Hapo tutazame yale mambo manne, jinsi yalivyogeuka. Kipimo hakipo. Mtu aweza kuchimba majuma mengi asiguse jiwe lenye thamani, na jirani yake akaligusa siku ya pili. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walipojua ya kuwa kobalti iko chini ya nyumba zao, walichimba mpaka uani na ndani ya vyumba. Jibu halipo, au lipo lakini limepotoshwa: gunia hupimwa na mnunuzi, na mashine ya kuonyesha wingi wa madini ni ya mnunuzi, wala mchimbaji hana njia ya kuihakiki. Utaratibu ni adimu, maana bei ya kobalti hupandishwa na kushushwa na masoko ya mbali. Na hatari yake inaua. Mwezi wa Juni 2019 shimo liliporomoka katika eneo la mgodi karibu na Kolwezi, wakafa watu zaidi ya 40.

Tena liko jambo la kutufanya tuone haya. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake ni ya Lualaba. Hutiwa katika betri za simu na kompyuta. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto waliokuwa wakiokota, kuosha na kubeba mawe hayo. Basi yamkini mtoto wa ng'ambo anayechimba mawe ya mchezo kwa furaha ameshika mkononi chembe ya jiwe lililochimbwa na mtoto mwenziwe bila furaha yo yote. Mmoja acheza kuchimba kwa kuwa mwingine amechimba.

Kwa hiyo mchezo huu ni kama shahidi. Hausemi ya kuwa vijana ni wavivu. Unasema ya kuwa wana njaa ya kazi yenye maana, na kwa kuwa hawaioni mchana, waitafuta usiku katika kioo.

Watawa wa jangwani

Huenda mtu akasema, "Hayo ni kutetea upuzi. Kazi isiyoleta chakula si kazi." Na tuwaendee kwanza watu waliokaa porini kweli kweli, yaani watawa wa Misri wa zamani.

Husimuliwa juu ya Mtakatifu Antoni, aliyefariki mwaka 356, ya kuwa siku moja jangwani alishikwa na uchovu mkubwa wa moyo, mawazo yakamsonga. Akamwomba Mungu amwonyeshe njia. Alipotoka nje alimwona mtu mfano wake mwenyewe ameketi, anasuka kamba. Mtu yule akaondoka kusali, kisha akaketi tena akasuka, akaondoka tena kusali. Alikuwa malaika. Antoni akajua dawa yake: kazi kidogo, sala kidogo, kazi tena, na siku ikaenda.

Naye Yohane Kasiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, anatupa habari ya Abate Paulo. Huyu alikaa mbali na miji kiasi kwamba gharama ya kupeleka mafundo ya kazi yake sokoni ingeipita bei yake. Chakula alikuwa nacho, mitende na bustani ndogo. Hata hivyo kila siku alikusanya majani ya mitende akajitoza kipimo cha kazi, kama kwamba angeishi kwacho. Mwaka ulipokwisha, na pango lake limejaa, aliichoma moto kazi yote, akaanza upya.

Basi, ndugu, je, Abate Paulo alicheza au alifanya kazi? Kazi yake haikuuzwa, haikumlisha mtu, ikafutwa yote kama safari ya yule mchezaji. Walakini Kasiano amsifu, maana bila kazi ile mtawa asingaliweza kudumu mahali pake wala kuulinda moyo wake. Tunda la kazi halikuwa kikapu. Lilikuwa Paulo mwenyewe.

Hapa twapata neno la kumwambia baba: si kila kazi isiyo na bei ni bure. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha ya kuwa mchezo wa kiasi ni haki ya nafsi, kama usingizi ulivyo haki ya mwili. Husimulia tena habari ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, jinsi watu walivyokwazwa walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja mwenye upinde apige mishale mingi, kisha akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo sikuzote. Akajibu ya kuwa upinde ungevunjika. Kadhalika roho ya mtu, ikivutwa daima bila kulegezwa.

Uzima, uzazi, mapendo

Lakini tusimwache kijana aende na ushindi mapema. Linabaki la kumwuliza, na kipimo chake kimezaliwa papa hapa Kolwezi.

Katika miaka ya 1950 alikaa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi ya Musonoi padre Mfransisko, Placide Tempels, aliyekuwa ametoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Pamoja na waume na wake wa kambi ile alianza makutano yaliyoitwa Jamaa. Makutano hayo yalipata baadaye magumu yake na wakubwa wa Kanisa, nayo si habari yetu leo. Lakini maneno matatu waliyoyashika yafaa kila mtu: uzima, uzazi na mapendo. Walisema kila mtu hutamani hayo matatu, awe Mwafrika, awe Mzungu. Na tuupime mchezo kwa hayo.

Uzima. Kijana akiweka simu chini, anainuka na nguvu zaidi au amelegea? Analala saa yake, au macho yamekuwa mekundu asubuhi? Mchezo ukimrudisha katika siku yake amechangamka, umempa uzima. Ukimnyima usingizi, shule na chakula, umemla kama mbwa mwitu wa theluji.

Uzazi. Samaki wa mchezo hamlishi mtu, lakini tumeona ya kuwa hata vikapu vya Abate Paulo havikumlisha mtu. Basi tuulize, je, kuna kitu kinachozaliwa ndani ya kijana? Amejifunza kungoja? Amejifunza kuweka akiba kabla ya baridi, kurudi mwanzo bila kukata tamaa? Kama ndivyo, kipo kilichozaliwa. Lakini tusisahau tofauti: Paulo alichoma kazi yake mwenyewe, na kabla ya kuichoma alikuwa amekwisha kulima bustani yake. Kijana anayecheza hali ndoo ni tupu hachomi vikapu vyake, anachoma vya mama yake.

Mapendo. Hapa ndipo mchezo unapopungukiwa, maana katika pori lile mtu yuko peke yake. Moto wake hauotwi na mwingine. Nyama yake haigawanywi. Hakuna anayemngoja, wala hakuna atakayesema "aksanti". Tempels alifundisha ya kuwa kwa Wabantu mtu si jiwe lililokaa pekee, bali ni nguvu inayokua kwa kufungamana na nguvu za wengine. Wazee wasemapo "mtu ni watu," ndilo hilo. Mchezo waweza kumpa kijana utaratibu na hata furaha ya kweli, lakini ile sababu ya kuishi hauwezi kumpa. Katika mchezo mtu anaishi ili aishi kesho. Katika nyumba mtu anaishi ili mwingine naye aishi. Bukari iliyopikwa kwa makala aliyoyaleta kijana mwenyewe, ikaliwa na wadogo zake watano, ina ladha ambayo samaki wa kioo hatakuwa nayo kamwe.

La kufanya

Basi tuseme nini? Furaha ile si dhambi, wala si uongo. Ni furaha ya kweli iliyo changa, kama mbegu iliyowekwa juu ya meza. Imekamilika kama mbegu, lakini haijapata udongo.

Kijana, utakapoweka simu chini, chukua utaratibu ule uupeleke uani. Ndoo kwanza, moto pili, masomo tatu. Zikate kazi zako vipande vidogo, uone kila kimoja kinavyokwisha. Cheza baada ya ndoo kujaa, nawe utacheza kwa amani.

Wazazi, msiridhike kusema tu, "Acha upuzi huo." Mtoto akipewa kazi isiyo na mwisho wala shukrani, ataikimbia, nanyi pia mngeikimbia. Mpeni shamba dogo liwe lake, kuku wawili wawe wake, na mavuno yake ayaone kwa macho. Mwambieni, "Leo tumekula kwa mkono wako." Neno hilo halina gharama, na mchezo wo wote hauwezi kulisema.

Nanyi mnaoajiri watu na kununua mawe yao, mjue ya kuwa watunga michezo wamewatambua vijana wetu kuliko ninyi. Wamewapa kipimo kilicho wazi na jibu lililo sawa. Mzani usiofichwa, mshahara wa siku iliyoahidiwa, shimo lisiloua: hayo si fadhili, ni haki ya kila afanyaye kazi. Mkiyatimiza, kijana wa Kolwezi ataona ya kwamba jasho lake linajibiwa hata mchana.

Na usiku, kuni zikiwa zimekwisha kukatwa uani, akipenda na akate na zile za kioo. Hakuna atakayemgombeza.